Nywele za mwanangu zimesema ana sumu ya risasi mwilini, niamini?

Mshauri, habari za kazi.

Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33. Mume wangu ni fundi betri. Anachaji betri uani kwetu, na zilizokufa anazifungua, anachomoa sahani nzima na kuziweka kwenye betri nyingine. Vichwa vya betri vilivyokatika anavimwaga upya kwa risasi anayoiyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Kazi hiyo ndiyo iliyotujengea vyumba vitatu, siwezi kuidharau.

Mtoto wetu wa pili, wa kiume, ana miaka mitano na miezi miwili. Maneno yake nimeyahesabu, hayazidi thelathini, na haungi zaidi ya mawili kwa pamoja. Hatulii. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, mara anageuka, mara hageuki. Alipokuwa na miaka mitatu nilimpeleka kliniki, nikaambiwa nisubiri, wavulana huchelewa.

Mwezi Juni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alituletea habari za kituo cha tiba lishe kinachopima nywele na kueleza madini na sumu zote za mwilini. Alilipa yeye, shilingi 250,000. Mtoto huwa analia kwa kinyozi, kwa hiyo baba yake alimnyoa jioni palepale uani kwa mashine anayotumia mwenyewe, alipomaliza kazi. Nywele zilikuwa fupi, hata nusu ya ukucha wa kidole gumba hazifiki, ikabidi tukusanye za kichwa kizima kwenye mfuko wa nailoni. Zilitumwa nje ya nchi.

Majibu yalirudi baada ya wiki tano, karatasi tatu zenye michoro ya rangi. Risasi nyekundu. Aluminiamu nyekundu. Zebaki njano, nayo sielewi imetoka wapi maana samaki wetu ni dagaa. Kalsiamu na magnesiamu zimepita juu kabisa, zinki iko chini. Wametuandikia dripu 10 za EDTA "za kuvuta sumu", moja kila wiki, vidonge vya zinki miligramu 50 kila siku kwa miezi sita, na unga wa madini. Baada ya kila dripu watapima mkojo "tuone sumu inavyotoka". Jumla 1,850,000.

Mume wangu anataka tukope VICOBA. Wifi ameahidi kuchangia nusu. Nilimwonyesha muuguzi mmoja zile karatasi, akacheka, akasema ni ramli ya kisasa. Kicheko chake kiliniuma, kwa sababu ramli au si ramli, mtoto bado haongei.

Nikikataa, ukoo utasema nimemnyima mtoto tiba kwa ubishi wa kisomi. Nikikubali, naogopa hizo dripu, sijui kwa nini. Wifi anasema na mimi nipime nywele, kwa kuwa nina mimba ya miezi minne na ninakula udongo kidogo, ule wa vipande wa sokoni. Nifuate lipi?

Mama wa Nkuhungu

JIBU

Mama wa Nkuhungu, pole, na asante kwa barua iliyoeleza mambo hatua kwa hatua. Majibu mengi yamo ndani ya maelezo uliyoyapitia haraka, kama yale ya jioni ya kunyoa.

Nikikuelewa vizuri, unajiona uko njia panda. Karatasi ikiwa kweli, lazima ulipe dripu. Ikiwa uongo, mtoto hana sumu na muuguzi alikuwa na haki ya kucheka. Naomba tuisimamishe kwanza hiyo hesabu. Karatasi inaweza kuwa dhaifu sana na bado nyumba yenu ikawa na risasi.

Tuanze na nywele. Nywele ya kichwani hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, na chochote kilichokuwa kwenye damu wakati inaota huweza kunaswa ndani yake. Wazo hilo ni la kweli. Ndiyo maana maabara makini huagiza nywele za kisogoni, zikatwe kwa mkasi safi wa chuma kisichoshika kutu karibu kabisa na ngozi, zichukuliwe sentimita tatu hadi nne za upande wa shina tu, uzito wa kama robo gramu, na ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Hapo wanasoma miezi mitatu iliyopita. Za mwanao zilikuwa na urefu wa wiki mbili, labda tatu. Zilichanganywa za kichwa kizima. Zilikatwa kwa mashine yenye mafuta, kwenye ua unaoyeyushiwa risasi, na mikono iliyotoka kushika sahani za betri. Hata maabara bora duniani isingeweza kukwambia risasi ile ilitoka ndani ya mtoto au kwenye vidole vya baba yake.

Utaambiwa nywele huoshwa kabla ya kupimwa. Huoshwa kweli, lakini kila maabara ina namna yake. Ukiosha kidogo, vumbi hubaki. Ukiosha kwa nguvu, unang'oa na madini yaliyokuwa ndani ya nywele. Mwaka 2001 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi ambao nywele za mtu mmoja mwenye afya ziligawanywa zikapelekwa maabara sita za biashara. Kwa madini 12, jibu la juu kabisa lilikuwa zaidi ya mara kumi ya jibu la chini kabisa. Nywele zilezile, kichwa kilekile, na ushauri wa lishe uliofuata nao ukapishana.

Kalsiamu na magnesiamu zilizopita juu zisikutishe. Tazama birika lako la chai, ule utando mweupe unaoganda chini. Maji magumu ya visima huacha madini hayohayo kwenye nywele kila unapomwogesha mtoto. Shampuu za mba nazo huongeza zinki au seleniamu kwenye nywele za watu wasio na shida yoyote. Na zinki ina kituko chake. Mtoto mwenye upungufu mkubwa nywele zake huota polepole, kwa hiyo kidogo kinachoingia hujilimbikiza na kipimo kinaweza kusoma kawaida au hata juu. Kwa hiyo neno "chini" kwenye karatasi halijakwambia kitu cha kutegemea, na kama lingeandikwa "juu" lisingekwambia pia.

Zebaki naieleza peke yake, kwa sababu hapa nywele zina heshima yake. Kwa zebaki inayotokana na kula samaki, nywele ni kipimo halali kinachotumiwa na watafiti. Kiasi kilicho kwenye nywele huwa kama mara 250 ya kile cha kwenye damu. Lakini dagaa ni samaki wadogo, wana zebaki kidogo. Kabla ya kuumiza kichwa, angalia rafu ya bafuni. Baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zimewahi kukutwa na zebaki ya aina nyingine, na mama akimpaka mtoto kwa mikono hiyohiyo, au wakitumia taulo moja, inahama. Soma lebo: *calomel*, *mercuric iodide*, *mercurous chloride*, *ammoniated mercury*, yote hayo ni zebaki. Kopo lisilo na lebo kabisa ni la kutiliwa shaka zaidi. Zebaki ya aina hii hupimwa kwenye mkojo wa kawaida, usiotanguliwa na dawa yoyote. Kama humna kitu cha namna hiyo nyumbani, hiyo njano naiweka pembeni.

Sasa turudi uani. Hapa sicheki na muuguzi. Betri ya gari zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Ganda la kijivu linaloelea juu ya sufuria likikauka huwa vumbi. Vumbi hukaa kwenye suruali ya kazi, kwenye kandambili, kwenye kiti ambacho shemeji, yaani mumeo, huketi akimpakata mtoto. Mtoto huweka vidole mdomoni, na mwili wake hunyonya risasi aliyoimeza mara nne hadi tano ya mtu mzima. Akiwa na upungufu wa madini chuma au kalsiamu, hunyonya zaidi. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo hata kama nywele zisingepimwa kamwe, kwa maelezo ya kazi ile pekee mtoto huyu angestahili kupimwa risasi.

Kipimo chenyewe ni cha damu, ya mshipa wa mkononi. Damu ya kuchoma kidole ni rahisi, ila vumbi kidogo kwenye ngozi huharibu jibu, na ikisoma juu utarudishwa kwenye mshipa vilevile. Siku hiyo mwogeshe, mvalishe nguo safi ambazo hazikuanikwa uani. Anzia kwa daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa. Mwambie kwa maneno haya: "Baba yake anafungua betri na kuyeyusha risasi nyumbani." Sentensi hiyo ina uzito kuliko zile karatasi tatu. Uliza kama kipimo kinafanyika hapa au sampuli husafirishwa, inawekwa kwenye chupa gani, na majibu huchukua siku ngapi. Jibu huja kwa mikrogramu kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema ikifika 5, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dawa za kutoa risasi zinapendekezwa kwa watoto wa umri wake ikifika 45, tena chini ya uangalizi wa hospitali. Kati ya namba hizo mbili kazi kubwa ni ya kitambaa chenye maji na sabuni, na kurudia kipimo.

Umesema unaogopa dripu na hujui kwa nini. Hofu yako ina msingi. EDTA zipo za aina mbili zenye majina yanayokaribiana mno. Moja ina kalsiamu ndani yake, hiyo ndiyo inayotumika hospitalini kwa sumu ya risasi. Nyingine ina sodiamu tu, nayo hufyonza kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka ghafla, moyo unaweza kusimama. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka mitano alifariki hivyo baada ya kupewa EDTA kwenye mshipa. Hata ile sahihi inaweza kuumiza figo na kuondoka na zinki, ambayo kituo hichohicho kimekwambia mtoto hana ya kutosha. Na kama sufuria bado linachemka uani, mnachota maji kwenye jahazi lililotoboka.

Ule mkojo wa baada ya dripu ndio unaonisumbua kuliko vyote. Kila binadamu ana chembe za metali mwilini. Mpe mtu yeyote dawa ya kuvuta metali, mkojo wake utapanda, awe mgonjwa au mzima. Viwango vya kawaida vimewekwa kwa mkojo wa mtu ambaye hakupewa dawa. Kwa hiyo kila wiki mtaonyeshwa ushahidi kwamba "sumu inatoka", na hautakuwa ushahidi wa kitu. Pengine waulize kwa upole: mtakubali kupima damu yake ya mshipa kabla ya dripu ya kwanza? Chupa ya dawa naweza kuisoma lebo? Moyo wa mtoto utafuatiliwa na nani, kalsiamu ya damu itapimwa saa ngapi? Viwango vya kawaida kwenye mchoro vimetokana na watoto gani, wa umri gani? Namna watakavyojibu itakusaidia kupima kituo chenyewe.

Zinki miligramu 50 kwa siku, miezi sita, kwa mtoto wa miaka mitano: kikomo cha juu kinachotajwa na wataalamu wa lishe wa Marekani kwa umri wake ni 12. Vile vidonge vya miligramu 20 anavyopewa mtoto anayeharisha ni vya siku 10 hadi 14 tu. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba kuingia mwilini, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu. Ukitaka kujua hali ya madini yake, siku ya kutoa damu omba pia picha kamili ya damu na feritini, ambayo huonyesha akiba ya madini chuma. Usimpeleke akiwa na homa, maana malaria na maambukizi hupandisha feritini na kuficha upungufu.

Kuna njia ya kurudia nywele, safari hii kwa mkasi, kisogoni. Ungetumia robo milioni nyingine na kusubiri miezi mitatu zirefuke, na kwa risasi bado ungehitaji damu. Kuna njia ya kusubiri. Hiyo umeshaijaribu miaka miwili.

Kusubiri huko ndiko ninakotaka tukuangalie kwa makini kuliko risasi. "Mara anageuka, mara hageuki." Mtoto anayesikia nusu hujifunza nusu. Masikio yake yamewahi kupimwa? Usaha au majimaji ndani ya sikio, usikivu mdogo wa kuzaliwa, usonji, kuchelewa kwa lugha peke yake, yote hayo huonekana hivi kwa mzazi, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye nywele. Omba rufaa ya idara ya masikio, pua na koo, na tathmini ya ukuaji. Tathmini hiyo haisubiri majibu ya risasi. Risasi ikikutwa, haitakuwa lazima ndiyo sababu, na isipokutwa, mtoto bado anahitaji msaada wa kuongea.

Yapo mnayoweza kuanza leo bila kukopa. Kazi ya kufungua na kuyeyusha ihame nyumbani. Kuchaji peke yake si hatari sawa na kuyeyusha. Hilo likichukua muda, shemeji avue nguo na viatu vya kazi nje, aoge kabla ya kumshika mtoto, na nguo zake zifuliwe kwenye beseni lake. Ufagio mkavu unarusha vumbi, tumieni kitambaa chenye maji na sabuni, na maji hayo yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha. Makasha ya betri yasigeuzwe vyombo vya kuku. Udongo wa uani unaweza kupimwa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi Dodoma, waulizeni utaratibu na gharama. Mtoto ale kwa wakati, tumbo tupu hunyonya risasi zaidi. Dagaa wazima na mifupa yao, maziwa, maharage, mlenda, na uji wenye unga mweupe wa ubuyu, ule usiotiwa rangi wala sukari, kwa sababu vitamini C yake husaidia madini chuma kuingia. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo.

Kuhusu wifi yako, sioni mtu mbaya kwenye barua yako. Alitoa robo milioni wakati wengine walikuambia subiri. Ungeweza kumwambia kwamba karatasi yake ndiyo iliyowafumbua macho kuhusu betri, na sasa mnataka damu ithibitishe kabla ya sindano, na ile nusu aliyoiahidi ingefaa zaidi kwenye kipimo hicho na kwenye kuezeka kibanda cha kazi mbali na nyumba. Anaweza kukasirika kidogo. Wewe unamjua zaidi yangu. Shemeji naye ndiye wa kuangaliwa sana, kwa kuwa mwanaume akisikia "kazi yako imemdhuru mtoto" anaweza kuziba masikio, au akakopa VICOBA kesho yake ili alipie hatia. Mwanzo mwepesi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye anayekaa na moshi ule kuliko wote, na hajawahi kupimwa.

Na wewe, mama. Umeitaja mimba mwishoni kabisa, kama nyongeza. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma, na ile iliyolala kwenye mifupa ya mama kwa miaka hutoka kipindi hiki ambacho mtoto anadai kalsiamu. Udongo wa sokoni unaweza kubeba risasi na aseniki, na wenyewe huzuia madini chuma. Hamu yake mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, kwa hiyo mwambie mkunga wazi, usione haya, na uombe wingi wa damu upimwe. Risasi ikifika 5 kwa mjamzito asiyepata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, mwongozo uleule unapendekeza aongezewe kalsiamu. Nywele zako ziache. Siku ya kumpeleka mtoto kutoa damu, nendeni watatu, mnyooshe mikono mitatu.